Miezi Minne Kabla ya Kadi

Jumatatu saa nne asubuhi Breki alirudi nyumbani kwa miguu, begani amebeba godoro. Mkewe alikuwa barazani kwenye cherehani, anaunga kola ya shati la shule. Akainua macho na kumwona anakata kona ya duka la mkaa. Godoro lile jembamba, lenye foronya ya bluu aliyoishona mwenyewe, mahali pake palikuwa ndani ya lori, nyuma ya kiti cha dereva, na halikuwa na sababu ya kutembea mtaani ila moja tu. Alimaliza mshono, akakata uzi, ndipo akasema, "Wamelichukua."

"Wamelichukua," alisema Breki. Aliliegemeza godoro ukutani, akatua na mfuko wa nailoni: blanketi, jiko dogo la mafuta, sufuria, kandambili. Miaka karibu mitatu ya mtu, na mfuko haukujaa.

Jina la Breki alipewa na madereva wenzake kwa kumtania, maana alikuwa mtu wa kukanyaga breki wakati wengine hata kona hawajaiona. Miaka kumi na tisa barabarani hajagonga hata kuku. Lakini kwenye mkataba, uangalifu wote aliuacha nje ya mlango. Na nani asingeuacha? Mpango ulisomeka mtamu: kampuni inakupa lori, inakupa na mizigo ya kubeba, inakata laki nane kila mwezi katika malipo yako, na ikitimia miezi thelathini na sita kadi ya gari inaandikwa jina lako. Mafuta ni yako, matengenezo ni yako, faini za barabarani ni zako. Ikipita miezi miwili mfululizo bila makato, gari linarudi yadi, na vyote ulivyokwisha kulipa vinahesabiwa kuwa kodi. Hicho kipengele cha mwisho kiliandikwa kwa herufi za kawaida kabisa, hawakukificha. Watu walikipita tu, kama unavyopita mlango wa hospitali ukiwa mzima.

Breki alilipa miezi thelathini na mbili. Ikabaki minne. Hapo giaboksi likafa, na mkataba unasema gari litengenezwe kwenye gereji ya kampuni, si kwingine. Gereji ya kampuni ikakaa nalo wiki tisa, mara spea haijafika, mara fundi amefiwa. Lori lilipokuwa limelala gereji, makato hayakulala. Jumamosi giaboksi likafungwa. Jumatatu, alipokwenda kupokea mzigo wa kwanza, akanyang'anywa ufunguo.

"Na barua hii," alisema, akaitoa mfukoni ikiwa imelowa jasho.

Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, aliisoma mara mbili. Kampuni inawadai milioni mbili na laki moja: makato ya miezi miwili na salio la giaboksi. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Wasipolipa, mali za mdhamini zitachukuliwa. Mdhamini alikuwa yeye. Aliweka saini siku ile amevaa gauni lake la kutokea, anacheka na karani, na mali zake ziliorodheshwa moja moja: cherehani ya miguu, cherehani ya umeme, friji, makochi. Hasira ilimpanda, kisha ikamshuka, maana hata hasira inataka nguvu. Mezani kulikuwa na mashati arobaini ya shule ya kukabidhi wiki ijayo, na alikuwa amefika la kumi na moja.

"Na tairi zangu?" aliuliza.

Miezi mitano iliyopita lori lilikuwa limekula tairi mpaka waya zinachungulia. Zamu ya Fundi ya kupokea upatu ilipofika, hakununua mashine ya kutoboa matundu ya vifungo aliyoiota miaka minne. Alinunua tairi sita mpya, laki nne kila moja, akalipa yeye mwenyewe dukani na risiti akaiweka kwenye kopo la vifungo. Alisema gari ni letu, bado miezi michache. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanasema wote wawili: letu.

* * *

Jumanne walikwenda yadi pamoja. Mlinzi wa getini, ambaye miezi yote hiyo alimwita Breki Tajiri na kumfungulia milango yote miwili ya geti, safari hii alifungua kimlango cha pembeni na kuwasukumia daftari la wageni. Penye kuandika sababu ya kuja, Breki alishikilia kalamu muda mrefu. Fundi akamnyang'anya, akaandika: tairi.

Walikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili mpaka saa tano na nusu. Ndani kulikuwa na viti vya kitambaa, na zamani Breki alikalishwa huko akiletewa chai. Karani alipita mara tatu akiwa na mafaili, na mara zote tatu alikumbuka kitu cha kutazama upande wa pili. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele yao, limeoshwa, linang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa mikononi mwao. Breki hakuliangalia. Fundi aliziangalia tairi.

Meneja alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliochosha zaidi. Aliwapa pole, akauliza habari za watoto, akasema hata yeye jambo hili limemuuma. Fundi alimwacha amalize, kisha akatoa risiti na kuilaza mezani. Alikuwa ameipanga hesabu yake usiku kucha kichwani, na aliitoa taratibu. Deni ni milioni mbili na laki moja. Tairi ni milioni mbili na laki nne, zina miezi mitano, na katika miezi hiyo gari lilikuwa wiki tisa juu ya mawe gereji. Kampuni ichukue tairi, ifute deni, na laki tatu zilizobaki yeye atawasamehe.

Meneja aliisoma risiti mbele na nyuma, kwa heshima. "Mama, nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini mkataba unasema kilichofungwa kwenye gari ni cha gari. Ungekuja na tairi mkononi, tungeongea. Ziko kwenye gari."

"Nizifungue, basi, nije nazo mkononi."

Meneja alitabasamu, na karani naye akatabasamu kwa kuwa meneja ametabasamu. Breki alimgusa mkewe goti chini ya meza, naye akalisogeza goti. Akauliza swali jingine, ambalo hakuwa amelipanga. "Tangu muanze mpango huu, kuna aliyewahi kumaliza?"

"Wengi," alisema meneja, akaelekeza kidole ukutani. Kulikuwa na picha ya fremu: mwanamume mwenye suti iliyomzidi mabega anapokea kadi ya gari, nyuma yake lori limefungwa utepe. Ilikuwa picha moja. Fundi alizungusha macho kwenye kuta nyingine tatu, akakuta kalenda, saa na feni.

Ndipo meneja akamtuma karani nje, akasogeza kiti. Alisema yeye si mtu wa kuchukua cherehani za watu, na kuna njia. Alhamisi anakuja dereva mwingine kulichukua lori lile. Mtindo wa yadi ile ulikuwa dereva anayetoka anamkabidhi anayeingia: wanazunguka nalo kilomita chache, anamweleza gari lina tabia gani, linapenda gia ipi mlimani. Madereva hawamwamini meneja, alisema bila kuona haya, wanaaminiana wao kwa wao. Yule mwanamume yuko tayari. Anayesitasita ni mkewe, na mkewe ndiye mdhamini.

"Breki amkabidhi mwenzake. Wewe mama ukae na huyo mama, mwongee ya kike. Wakisaini, barua yenu naichana mbele yenu." Kisha akaongeza, kwa upole uleule, "Sijasema mseme uongo. Nimesema msiwatishe watu kwa bahati yenu mbaya."

* * *

Jumatano Fundi alishona tangu alfajiri. Alipofika shati la kumi na tisa, Breki alitoka ndani na kuketi juu ya godoro lake pale ukutani. Binti yao, aliyekuwa hajaenda shule kwa sababu ya ada na wala hakuna aliyejifanya ni kwa sababu nyingine, alikuwa anapachika vifungo. Baba mtu alimtuma dukani kununua sindano, ingawa sindano zilikuwepo.

"Yule wa kwenye picha namfahamu," Breki alisema. "Alimaliza kweli. Akapewa kadi, akapigwa picha. Lori lilikuwa limechoka mpaka fremu, likamlaza njiani mara nne katika miezi mitatu. Akawauzia kampuni wenyewe kwa bei ya chuma. Sasa anawaendeshea kwa mshahara."

Fundi hakusimamisha mguu. "Ulijua lini?"

"Mwaka jana."

Cherehani ilikwenda mpaka mwisho wa mshono. Breki aliendelea, maana mtu akishaanza kutapika hachagui. Giaboksi walilofunga si jipya kama barua inavyosema. Ni kuukuu, wamelipaka rangi, na yeye alilisikia Jumamosi ileile alipowasha gari. Litakwenda miezi sita, pengine minane, kisha litalia. Na likilia litarudi gereji ileile.

"Kwa hiyo kesho utamwambia nini huyo mtu?"

"Sijui. Nikimwambia, Ijumaa watakuja na kigari cha mizigo, kirikuu, kuchukua mashine zako. Hayo mashati utayashona na nini, na vidole?"

Alikuwa anasema kweli, na Fundi alimchukia kidogo kwa kusema kweli. Alifikiri juu ya yule mwanamke asiyemjua. Akafikiri juu ya mashati ishirini na moja yaliyobaki, ada ya muhula, kodi ya nyumba, na fedha ya upatu ambayo bado alipaswa kuchangia kila Jumapili, ingawa zamu yake aliila na tairi zake zimekwenda. Akapima moyoni, hakupata hata mzani wa kuwekea. Mgongo ulikuwa unamuuma, pale pa kuinamia mashine.

"Nitamwambia linalipa," alisema. "Nitamwambia ukiwa na nidhamu linalipa. Na wewe mwambie hivyohivyo, tusije tukapishana maneno. Nimechoka, baba. Kila mtu atafute mdomo wake wa kumtetea."

Breki aliitikia kwa kichwa. Walikubaliana vizuri, mume na mke, kama walivyokubaliana siku ya kununua tairi. Binti aliporudi na sindano akakuta baba yake ameshika kitambaa, anajaribu kumkatia mama nyuzi zinazoning'inia, na anazikata vibaya.

* * *

Dereva mpya alikuja na shati la mistari lililopigwa pasi mpaka kwenye kwapa. Alikuwa ameendesha magari ya watu miaka kumi na mitano, na alilizunguka lori mara mbili kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Breki alimfungulia mlango wa dereva, yeye mwenyewe akapanda upande wa abiria, upande ambao hajawahi kukaa. Walitoka getini. Mlinzi alifungua milango yote miwili ya geti.

Wanawake walibaki, na safari hii walikaribishwa kwenye viti vya kitambaa. Chai ikaletwa. Mke wa dereva mpya alikuwa msusi, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyochubuka ncha, na Fundi alipoviona alificha vyake vya sindano mapajani. Waliulizana kazi, wakaulizana watoto. Msusi alikuwa na watatu, wa mwisho bado ananyonya, amemwacha kwa mama mkwe. Karani alijifanya anapanga mafaili, kisha akaitwa, akatoka.

"Dada," alisema msusi, akishusha sauti, "nikuulize kama dada yangu. Linalipa?"

"Linalipa," alisema Fundi. "Mkiwa na nidhamu."

Ilitoka laini kabisa. Aliona mabega ya mwenzake yanashuka, na akaona jinsi ilivyo rahisi, kumbe, na akajiambia imekwisha. Akanywa chai. Lakini msusi alikuwa ametuliwa mzigo, na mtu aliyetuliwa mzigo huongea.

"Mimi nilikuwa nakataa, nisikufiche. Mume wangu tuligombana wiki nzima. Wanataka niandike chumba changu cha saluni, na kile chumba nimeachiwa na marehemu mama. Ila juzi alinileta nilione gari, nikaziona tairi. Tairi mpya zote sita. Hapo ndipo nilipolegea. Nikasema kampuni inayofunga tairi mpya namna hii haiwezi kuwa ya wezi."

Fundi aliweka kikombe chini. Alitaka kunyamaza. Alijua hasa kitakachomkuta asiponyamaza, alikijua kwa idadi na kwa saa: cherehani mbili, friji, makochi, kesho saa kumi. Aliuma mdomo. Kilichomshinda hakikuwa huruma, wala hakuwa mtu wa kujisifia huruma. Ulikuwa uchungu wa mali yake, wa kuona kitu alichokinunua kwa jasho la miaka minne kinawafanyia wengine kazi ya kumnasa mwenzake.

"Tairi ni zangu," alisema.

Akaeleza yote. Hakupandisha sauti. Alieleza miezi thelathini na mbili, wiki tisa za gereji, godoro begani, barua. Alieleza giaboksi lililopakwa rangi. Alieleza mpaka kile walichoahidiwa kama wangekaa kimya, na barua ya deni itakavyochanwa. Msusi alisikiliza akiwa ameshika vidole vyake mwenyewe kimoja kimoja. Alipomaliza, Fundi alijisikia mwepesi na mgonjwa kwa pamoja, kama mtu aliyetoka kwenye homa.

"Kwa hiyo tairi hizo," alisema msusi, "zina miezi mitano tu."

"Mitano."

"Zinaenda miaka mingapi, kwa kawaida?"

Fundi alimtazama asielewe, kisha akaelewa.

"Usinifikirie vibaya, dada," alisema msusi, na macho yalikuwa yamemjaa. "Nimekusikia, na Mungu akulipe kwa kuniambia. Lakini mume wangu ana miaka arobaini na nne, na kila siku anarudi na matusi ya bosi. Tusipolichukua hili tutachukua lipi? Nilikuwa naogopa tairi tu, nilisikia tairi ndizo zinazowaua watu wa mikataba. Sasa kama tairi tumeshavuka, pengine sisi tutafika."

Nje lori liliingia likinguruma. Dereva mpya aliruka chini akiwa anacheka, shati limetoka kwenye suruali, na mkewe alimwangalia kupitia dirishani kwa namna ambayo Fundi aliona aibu kuitazama. Msusi akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasimama kwenda kutia saini.

* * *

Meneja aliichana barua mara nne na kumpa Fundi vipande, kama ushahidi. Alimpa na mkono. "Umeongea vizuri na mwenzio, mama. Ametoka huku ana uhakika kabisa."

Walirudi kwa miguu ili kuokoa nauli. Jua lilikuwa kali na barabara ina vumbi la magari makubwa. Cherehani zilikuwa zao, friji ilikuwa yao, na hakuna aliyeona cha kusherehekea. Walipofika kwenye daraja la mfereji Fundi alisimama, akavitupa vile vipande, vikaganda kwenye matope chini bila kwenda popote.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia kila kitu. Akasaini."

Breki hakushtuka. Alipangusa uso kwa kiganja. "Na mimi nilimwambia mume wake. Tulipofika mlimani tu. Nikamwambia sikiliza hilo giaboksi, nikamweleza mpaka yule wa kwenye picha."

"Tulikubaliana unyamaze."

"Na wewe tulikubaliana."

Walitembea hatua kadhaa. Fundi alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Kwa muda mfupi alimpenda mumewe kama zamani, kabla ya lori, na akataka kumshika mkono hapo barabarani, watu waseme watakavyo. "Alikujibu nini?"

"Kwamba sikuwa na bahati. Alinipa pole kweli kweli, akasema, kaka, wewe hukuwa na bahati tu." Breki alikohoa vumbi. Akaendelea kutembea, anatazama mbele. "Ndivyo nilivyomjibu na mimi yule dereva aliyenikabidhi lori."

Fundi alisimama. "Alikwambia?"

"Yote. Mpaka gereji."

"Na mimi hukuniambia."

"Ungekataa kusaini," alisema Breki.

Lori kubwa liliwapita kwa kasi, likawafunika vumbi wote wawili. Lilipopita, Fundi alikuwa ameshatangulia. Alikuwa na mashati kumi na saba ya kumaliza, na Breki alimfuata nyuma, mbali kidogo, bila kujaribu kumfikia.